Picha ya Goti na Maana Yake

Wasikilizaji wetu, nanyi msomao kijitabu hiki, mazungumzo ya leo yahusu karatasi. Ni ile karatasi apewayo mtu hospitalini baada ya goti lake kupigwa picha, nayo mara nyingi huwa na maneno machache mazito: kwamba gegedu la goti limelika, kwamba limechakaa, au kwamba limefika daraja la tatu au la nne. Mwenye goti huikunja karatasi hiyo, akaitia mfukoni, na njiani hujiambia, "Basi, goti langu limekwisha." Tangu siku ile huacha kwenda shamba, huacha kutembea kwenda msikitini au kanisani, hutuma watoto kwa kila jambo, na pengine huuza ng'ombe apate fedha za dawa au za kupasuliwa. Twataka kuonyesha ya kuwa karatasi ile, ijapokuwa ni ya kweli, haisemi yale ambayo watu wengi hudhani inayasema.

Kwanza yatupasa kujua gegedu ni kitu gani, maana wengi hulisikia jina lake kwa mara ya kwanza siku waambiwapo ya kuwa limeharibika. Walakini hakuna aliyepata kula mguu wa kuku asiyelijua kwa macho. Mwishoni mwa mfupa, pale ukutanapo na mfupa wa pili, pana kitu cheupe, laini tena kigumu, kinachong'aa kidogo, ambacho watoto hupenda kukitafuna. Hilo ndilo gegedu. Katika goti la mtu, mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi, na mbele yake huteleza kifupa cha duara kiitwacho pia ya goti, ambacho wengine hukiita kilegesambwa. Mifupa hiyo imevikwa gegedu pale inapogusana, na unene wake kwa kawaida ni milimita 2 hata 4 tu. Nyuma ya pia ya goti huzidi kidogo, maana pale ndipo penye gegedu nene kupita mahali pengine po pote mwilini. Katikati ya paja na muundi pamewekwa tena vipande viwili vya gegedu la namna nyingine, lenye nyuzi nyingi, na kila kipande kina umbo la mwezi mchanga. Waganga huviita meniski, na kazi yake ni kuutawanya uzito wa mwili usielemee mahali pamoja.

Gegedu lina mambo mawili ya ajabu. La kwanza, halina mshipa wa damu hata mmoja. La pili, halina mshipa wa fahamu. Kama mtu angeweza kulichoma kwa sindano bila kugusa kitu kingine cho chote, mwenye goti asingesikia maumivu. Sehemu kubwa ya uzito wake, karibu robo tatu, ni maji yaliyoshikwa katika wavu wa nyuzi ngumu, na ndani ya wavu huo chembe hai chache zimekaa mbalimbali, kama maboma ya wafugaji katika mbuga.

Basi kitu kisicho na damu hula nini? Chakula chake hutoka katika ute wa goti, na hukipata kwa kukandamizwa. Mwanamke akamuaye nazi huyatia machicha katika kifumbu, akaminya, tui likatoka. Akilegeza mkono na kutia maji, machicha huyanywa yale maji upya, akaminya tena. Ndivyo lilivyo gegedu. Mtu akanyagapo, uzito wake hulikamua, maji yaliyotumika hutoka. Ainuapo mguu, gegedu hulegea na kunywa ute mpya wenye chakula. Hatua moja ni pumzi moja. Goti lisilokanyagiwa halipati chakula chake sawasawa.

Hapa ndipo neno "kulika" linapotudanganya. Twasema jembe limelika, kisigino cha kiatu kimelika, jiwe la kusagia limelika. Vitu hivi havina uhai. Kila siku ya kazi huvipunguza, na njia ya pekee ya kuvihifadhi ni kuviweka kando. Mtu aambiwapo goti lake limelika hufikiri vivyo hivyo, kwamba kila hatua aiendayo yakwangua kile kidogo kilichobaki, na kwamba akiketi kitako atakiokoa. Mambo sivyo yalivyo. Mwaka wa 2002, wataalamu wa Uswisi walichapa habari za watu waliovunjika uti wa mgongo wakapooza miguu. Watu hao hawakukanyaga tena wala hawakubeba mzigo, na kama gegedu lingekuwa jembe, lao lingalidumu kuliko la mtu ye yote. Walipolipima kwa picha, waliona lapungua unene katika mwaka wa kwanza tu wa kupooza.

Hatusemi ya kuwa kazi haiwezi kuliumiza goti. Yaweza sana. Mwaka wa 1952 madaktari wawili wa Uingereza, Kellgren na Lawrence, walieleza jinsi magoti ya wachimba makaa ya mawe yalivyoharibika kuliko ya wafanya kazi wengine, maana watu wale walifanya kazi yao wamepiga magoti na kujikunja chini ya ardhi. Tena mwaka wa 2004 iliandikwa habari ya wazee wa Peking, mji mkuu wa China, kwamba wale waliokuwa wakichuchumaa saa nyingi kila siku katika ujana wao walikuwa na magoti yaliyochakaa zaidi. Kadhalika goti lililoteguka vibaya mchezoni, au lililokatika kano, huchakaa mapema. Uzito wa mwili uliozidi huchangia, umri huchangia, na kuna jamaa ambao jambo hili huandama ukoo wao. Ila kutembea, kulima kwa kiasi na kupanda mlima wa kwenda nyumbani si adui wa goti.

Kabla hatujafika kwenye picha yenyewe, yafaa tuseme neno juu ya "mafuta ya magoti", kwa kuwa twalisikia kila mahali. Mtu husema, "Mafuta ya goti yamekauka, ndiyo maana mifupa yasagana." Kisha huambiwa ale bamia kwa wingi, kwa sababu bamia zina ute, au anywe mchuzi wa makongoro. Katika goti zima, ute haujazi hata kijiko kimoja cha chai. Wala goti lililochakaa kwa kawaida halikauki. Mara nyingi hutengeneza ute mwingi kupita kiasi, likavimba, na mwenyewe huona limejaa. Bamia ni mboga njema, na mchuzi wa makongoro una nguvu, lakini tumbo halijui kupeleka ute wa bamia gotini. Huuvunja vipande vidogo kama livunjavyo chakula kingine cho chote. Apendaye bamia na ale kwa sababu ni tamu.

Sasa picha. Tarehe 8 Novemba, 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, Profesa Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ipitayo katika nyama na kuzuiliwa na mifupa. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana pamoja na pete kidoleni, na mwaka wa 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya elimu ya fizikia. Picha za namna hiyo ndizo ziitwazo eksirei. Eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini gegedu halionekani kabisa. Daktari hulikisia tu kwa kutazama nafasi iliyo kati ya mfupa na mfupa: ikiwa pana, gegedu lipo, ikiwa finyu, limepungua. Mwaka wa 1957 Kellgren na Lawrence, wale wale wa wachimba makaa, waliweka madaraja ya kuzisoma picha hizo, tangu 0 hata 4, nayo yangali yakitumika. Ni vema kujua ya kuwa eksirei ya goti lichunguzwalo kwa ajili ya kuchakaa hupigwa mtu akiwa amesimama. Ikipigwa amelala, nafasi ile hufunguka, na picha yaweza kudanganya.

Mashine ya pili huitwa MRI, nayo haitumii mionzi ya Röntgen. Hutumia sumaku kubwa mno. Katika maji yote yaliyomo mwilini mna punje za haidrojeni, na kila punje ni kama sumaku ndogo. Sumaku kubwa huzipanga, kisha mawimbi ya redio, ndugu za hayo hayo yaletayo sauti yetu nyumbani kwenu, huzitikisa. Mawimbi yakikoma, punje hurudi mahali pake na kutoa mawimbi yake zenyewe, ambayo mashine huyasikiliza na kuyageuza kuwa picha. Paul Lauterbur wa Marekani alichapa picha za kwanza za namna hiyo mwaka wa 1973, na pamoja na Peter Mansfield wa Uingereza alipewa tuzo ya Nobel ya uganga mwaka wa 2003. Kwa kuwa gegedu limejaa maji, MRI huliona. Huona ufa mdogo, huona ulaini, huona meniski iliyochanika, huona hata uvimbe wa maji ndani ya mfupa wenyewe. Na hapo ndipo shida ilipoanzia, maana mashine ionayo kila kitu huona pia mambo yasiyo ugonjwa.

Tueleze kwanza madaraja, kwa kuwa ndiyo yatiayo watu hofu. Mengi ya yale yaandikwayo katika ripoti za MRI hutokana na hesabu iliyowekwa mwaka wa 1961 na daktari wa Kanada aitwaye Outerbridge, kisha ikarekebishwa ipate kufaa picha. Daraja la 1 ni gegedu lililolainika au kuvimba kidogo. La 2 ni lililopasuka au kupungua bila kufika nusu ya unene wake. La 3 ni lililopita nusu. La 4 ni pale ambapo mfupa umebaki wazi. Sasa sikilizeni sana: daraja huonyesha kina cha tundu, si upana wake. Njia ya gari yaweza kuwa na shimo moja lililofika kwenye mwamba, na bado magari yakapita siku zote. Mtu aweza kuandikiwa daraja la 4 kwa sababu ya mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba, na sehemu nyingine zote za goti zikawa na gegedu jema. Kwa hiyo aliyepewa karatasi na aulize: ni mahali gani, na pana upana gani? Swali hilo ni halali yake, na daktari mwema hatachukia kuulizwa.

Sasa twende Framingham, mji katika jimbo la Massachusetts huko Marekani. Watu wa mji ule wamekuwa wakichunguzwa na madaktari tangu mwaka wa 1948, kwanza kwa ajili ya moyo, na baadaye magoti yao pia. Mwaka wa 2012 zilichapwa habari za watu 710, wote wamepita miaka 50, ambao eksirei zao hazikuonyesha kuchakaa kwa goti hata kidogo. Walitiwa katika MRI. Katika kila watu 100, watu 89 walionekana wana kasoro moja au zaidi ndani ya goti, na 69 walikuwa na gegedu lililoharibika. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini la ajabu zaidi ni hili: wengi wa watu hao magoti yao hayakuwa yakiuma. Katika kila 100 wasiokuwa na maumivu yo yote, 86 hata 88 walikuwa na kasoro katika picha, na wale wenye maumivu hawakuwazidi kwa mengi. Miaka minne kabla ya hapo, katika mji uo huo, ilionekana ya kuwa katika watu wenye meniski zilizochanika, 61 kwa kila 100 hawakuwa wamesikia maumivu wala ukakamavu wa goti katika mwezi uliotangulia.

Tulifikiri sana jinsi ya kulieleza jambo hili, na mfano tulioupata ni mvi. Ukimpiga picha mzee wa miaka 60 mwenye maumivu ya kichwa, utaona ana mvi. Mvi ni za kweli, picha haikusema uongo. Lakini hakuna atakayesema ya kuwa kichwa chauma kwa sababu ya mvi. Baadhi ya yale yaonekanayo katika goti la mtu mzima ni mvi za goti. Mfano huu una mpaka wake, nasi hatupendi kuuvuta kupita kiasi, maana gegedu likiisha kabisa mahali papana, maumivu huwa mengi zaidi kwa watu wengi. Ila kati ya picha na maumivu hapana kamba iliyofungwa moja kwa moja.

Mtu atauliza, "Kama gegedu halina mshipa wa fahamu, mbona goti langu laniuma?" Goti lina vitu vingine vingi visikiavyo maumivu. Mfupa ulio chini ya gegedu una fahamu; ngozi nyembamba ifunikayo goti kwa ndani yaweza kuvimba na kuwaka; kano zina fahamu; misuli ya paja iliyodhoofika huacha goti litikisike. Tena yako mambo yasiyoonekana kwa mashine yo yote: usingizi mchache, huzuni, na hofu. Mwenye kuogopa goti lake hulikaza, hutembea upande, huacha kulitumia, misuli ya paja ikapungua, na goti lililoachwa bila misuli huuma zaidi. Kisha husema, "Mwaona? Picha ilisema kweli." Twamhurumia, maana si mvivu wala si mwongo. Ametii karatasi kama alivyoielewa.

Katika mji wa Houston, huko Texas, palifanyika jambo ambalo lingali likizungumzwa na madaktari. Zamani zile ilikuwa desturi kumtia mwenye goti lililochakaa kijibomba chenye taa, kumwosha goti kwa ndani na kulikwangua lile gegedu lililochanika. Wagonjwa wengi walisema wamepona. Daktari Bruce Moseley na wenzake wakataka kujua ni nini hasa kilichowaponya. Waliwachukua wagonjwa 180, wengi wao askari wa zamani, wote wakiwa wamekubali jaribio hilo baada ya kuelezwa, wakagawanywa mafungu matatu kwa kura. Fungu moja lilikwanguliwa, la pili likaoshwa tu, la tatu likakatwa ngozi mahali padogo na kushonwa, pasipo kitu cho chote kufanywa ndani. Daktari aliomba vyombo, akamwaga maji yasikike, mgonjwa asitambue. Wakafuatwa kwa miaka miwili. Habari zilipochapwa mwaka wa 2002, ilionekana ya kuwa wale waliokwanguliwa na wale waliooshwa hawakuwapita wale waliodanganyiwa, si kwa maumivu wala kwa kutembea. Aliye tayari kuuza mali yake ili "asafishwe goti" kwa sababu ya picha, na aikumbuke Houston kabla ya kuuza.

Vivyo hivyo kwa unga na vidonge viuzwavyo kwa jina la kurudisha gegedu, hasa glukosamini na kondroitini. Mwaka wa 2006 zilichapwa habari za jaribio la Marekani lenye wagonjwa 1,583. Kwa jumla vidonge hivyo havikukishinda kidonge kisicho na dawa ndani yake. Lakini angalieni hesabu moja ya jaribio lile, maana yafumbua fumbo la sokoni: katika kila watu 100 waliopewa kidonge kitupu, 60 walipata nafuu ya maumivu. Goti lina siku zake mbaya na siku zake njema, na mtu hununua dawa siku iliyo mbaya. Ikija siku njema, muuzaji hupewa sifa. Jirani yako asemapo dawa fulani ilimponya, huenda asiwe anadanganya hata kidogo.

Sindano za gotini za dawa ya kutuliza uvimbe huweza kuleta nafuu ya majuma kadhaa, na wakati mwingine nafuu hiyo ni ya haja. Zisifanywe desturi tu. Mwaka wa 2017 iliandikwa habari ya wagonjwa 140 waliochomwa sindano kila majuma 12 kwa miaka miwili, wengine dawa hiyo, wengine maji ya chumvi. Wenye dawa walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wenzao. Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki vyasaidia, lakini vikimezwa siku nyingi mfululizo huweza kutoboa tumbo na kuumiza mafigo, hasa kwa wazee. Diklofenaki ya kupaka juu ya goti mara nyingi hufaa, tena ina hatari ndogo.

Yapo magoti ambayo maneno yetu ya upole hayayahusu. Goti lililovimba ghafula, la moto, pamoja na homa, lipelekwe hospitali siku ile ile, maana usaha ndani ya goti huweza kulila gegedu lote katika siku chache. Goti lililokwama lisiweze kunyooka, goti lisilokanyagika baada ya kuanguka, maumivu yasiyotulia usiku pamoja na kukonda, na goti la mtoto lililovimba au limfanyalo achechemee, hayo yote yataka daktari bila kukawia. Hapo picha ina kazi kubwa. Kwa mtu mzima ambaye goti lake huuma polepole miaka mingi, hukakamaa asubuhi kwa dakika chache kisha likalegea, daktari huweza kulitambua kwa kumwuliza na kumshika, pasipo picha yo yote.

Dawa ambayo imethibitika kupita nyingine haiuzwi, na labda ndiyo sababu haitangazwi. Ni kuyatia nguvu mapaja. Mtu na aketi kitini, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka unyooke kabisa, ahesabu mpaka 5, aushushe polepole. Afanye mara 10, kisha mguu wa pili. Akishazoea, na ajifunze kuinuka kitini na kuketi tena bila kushika kitu, mikono imekunjwa kifuani, mara 10. Kiti kikiwa cha chini mno, na aweke mto au atafute kiti kirefu zaidi. Afanye hivyo siku tatu au zaidi kila juma, pamoja na kutembea. Goti litauma kidogo mwanzoni, na hapo wengi huacha. Kanuni ni hii: maumivu yavumilikayo, ambayo yamekwisha kurudi katika hali yake ya kawaida kesho yake asubuhi, hayana madhara, yakiwa yangali juu, punguza kiasi, usiache. Nafuu huja baada ya majuma 6 hata 12, wala si baada ya siku tatu.

Aliye mnene kupita kiasi ana faida ya pekee. Mwaka wa 2005 wapimaji wa Marekani walionyesha ya kuwa kila kilo moja ya mwili iliyopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Mtu akipungua kilo 5, goti lake limetuliwa kilo 20, na hatua za siku moja ni maelfu. Mwembamba hana haja ya kujinyima chakula. Ale ashibe, apate nguvu za mazoezi. Fimbo nayo si aibu, ila ishikwe kwa mkono wa upande wa pili, si upande wa goti linaloumwa. Wengi huishika kinyume. Mzigo wa kuni au maji waweza kugawanywa ukapelekwa kwa safari mbili, na palizi ya kuchuchumaa yaweza kufanywa mtu akiwa ameketi juu ya kigoda, akinyoosha mguu mara kwa mara.

Hata hivyo, wapo ambao kwao gegedu limekwisha kweli, mguu umepinda, na usiku hawalali. Kwa hao iko njia ya kubadilishiwa goti, ambapo ncha za mifupa hukatwa na kuvikwa chuma, na kati yake huwekwa plastiki ngumu. Ni kazi kubwa na ya gharama, nayo huwasaidia wengi. Mwaka wa 2015 zilichapwa habari za wagonjwa 100 wa Denmark, ambao wote daktari alikuwa ameona wafaa kubadilishiwa. Nusu yao walibadilishiwa goti, kisha wakafundishwa mazoezi. Nusu walipewa mazoezi, mafundisho, shauri la chakula, soli za viatu na dawa za maumivu kwa majuma 12. Baada ya mwaka mmoja waliobadilishiwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi, lakini pia ndio waliopatwa na madhara makubwa mara nyingi zaidi, kama damu kuganda mguuni na goti kukakamaa. Katika wale 50 wa mazoezi, 13 walikwenda kubadilishiwa kabla mwaka haujatimia. Wale 37 hawakwenda, ingawa picha zao zilikuwa mbaya kama za wenzao.